Matofali ya Mama, Jina la Mjomba

Watu wa Masasi wanaiita Nyumba ya Mwalimu. Ni ile ndefu yenye bati lililopauka, upande wa juu wa barabara ya kwendea Newala, vyumba sita vikitazama barabarani na vinne uani. Juzi binti mmoja msomi alinijia na kalamu yake akaniambia, "Bibi, tunakusanya habari za majengo ya zamani ya mji. Nimeambiwa ulimfahamu mwalimu aliyejenga pale." Nikamwambia mwalimu hakujenga kitu. Akacheka kwa adabu, akadhani bibi ameshapotewa na akili. Akaenda kuwauliza wengine, wakamwambia yale yale wanayoambiana siku zote, akaandika. Sasa imeandikwa.

Basi na mimi naandika. Shule yangu iliishia darasa la pili na herufi zangu zimelala ubavu kama mtama uliopigwa na upepo, lakini zinasomeka. Asiyependa asisome.

Nyumba ile aliijenga mama yangu. Mwalimu ni mdogo wake, tumbo moja, mjomba wangu mimi. Siku mama anakanyaga udongo wa matofali, mwalimu alikuwa amevaa soksi.

Sisi ni watu wa Chilangala, juu uwandani, upande wa Newala. Baba alikwenda kwenye mkonge nikiwa mdogo na hakurudi, na hakuleta hata salamu. Mama hakumlilia sana. Alilima, akauza korosho na mihogo mikavu, akamsomesha mdogo wake kwenye shule ya misheni mpaka akawa mwalimu. Mimi nilitolewa shule ili mjomba amalize. Hilo silisemi kwa uchungu, ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi. Nasema ili ijulikane ile soksi ilinunuliwa na nani.

Wakati huo Mwingereza bado yupo, na malori yalikuwa yanapita Masasi kama siafu, mengine ya karanga za Nachingwea, mengine ya korosho zinazoshuka Lindi. Mji ulikuwa unakua kwa haraka. Kila mwezi ukienda unakuta duka jipya, na madereva na matingo wao wanalala chini ya magari kwa kukosa pa kulala. Mama aliliona jambo hilo siku moja tu alipokwenda kuuza mihogo. Akarudi, akaweka kapu chini, akasema, "Tunahama. Watu wanalala chini kama mbuzi na wana pesa mfukoni."

Ndugu zetu walimcheka. Mwanamke asiye na mume ajenge nyumba ya kupangisha, tena ya matofali? Kwetu Newala wakati ule tofali lilikuwa anasa. Si kwa sababu ya udongo, udongo upo. Maji ndiyo hayakuwepo. Mwanamke wa uwandani alikuwa anateremka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi wake jua limeshakuwa kali, na maji hayo ni ya kunywa na kupika, watoto wanapanguswa uso kwa kitambaa kibichi. Ukayamwage kwenye udongo ufanye tofali? Wangekuita mchawi. Mama alisema, "Masasi maji yako karibu. Pale hata mwanamke anaweza kufyatua tofali."

Na alifyatua. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachezwa unyago, nina nguvu za kutosha. Udongo tulichimba kwenye kichuguu, kwa sababu udongo wa kichuguu unashikana. Alfajiri tunachota maji, asubuhi tunakanyaga, mchana yeye anapika wali na maharage anauzia matingo, mimi nafyatua. Mawe ya msingi tuliyatoa kilimani. Unawasha moto mkubwa juu ya jabali, linakuwa jekundu, kisha unalimwagia maji ya baridi kwa ghafla. Linapasuka kwa kishindo kama bunduki. Mama alikuwa na kovu shavuni la kipande cha jiwe kilichomrukia. Mwalimu kovu lake liko wapi? Nionyesheni.

Tanuri tulilichoma sisi wenyewe, na wanawake wa kwetu walioshuka kutusaidia kwa pombe ya mabibo na vigelegele. Fundi wa kupanga matofali alikuwa mwanaume, ndiyo, na seremala aliyetengeneza milango alikuwa mwanaume, Mmakonde mwenzetu, na wote mama aliwalipa kwa mkono wake. Mjomba alikuwa anakuja Jumapili baada ya ibada, anasimama pembeni asichafuke, anasema, "Dada, kona hii imepinda." Mama anamjibu, "Inyooshe basi, mwalimu." Wanawake wanaangua kicheko. Na yeye alikuwa akicheka. Nasema kweli, wakati huo alikuwa bado anacheka na sisi.

Sasa nifike kwenye jina.

Kiwanja cha mjini ulikuwa unaandikiwa na karani wa viwanja pale boma. Mama alikwenda, mimi nikiwa pamoja naye. Karani, kijana aliyepaka mafuta nywele, hakuinua hata macho.

"Jina la mwenye kiwanja?"

Mama akataja lake.

"La mwanaume, mama. Cha biashara hiki. Mumeo nani?"

"Mume wangu yuko kwenye mkonge anaoa."

Karani akainua macho hapo. "Basi mwanaume yeyote wa kwenu. Kuna foleni nyuma yako."

Mama hakufikiri hata nusu dakika. "Andika la mdogo wangu." Akalitaja jina la mjomba, na cheo chake cha ualimu, kwa fahari.

Wasomi wanaposikia habari hii hutikisa kichwa, "Ah, bibi wa watu hakujua." Alijua sana! Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mali ya mwanaume haiendi kwa mtoto aliyemzaa, inakwenda kwa watoto wa dada yake, na yule mtoto aliyemzaa naye atakula kwa mjomba wake, upande wa mama yake. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Mama angeandika jina la mume, ndugu wa mume wangekuja kuchukua nyumba. Kuandika jina la kaka au mdogo wa kiume ni kuandika jina la watoto wako mwenyewe. Ni kama kutia pesa kwenye pindo la kanga yako na kufunga fundo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alidhani mdogo wake bado ni mtu wa kwetu.

Nyumba ikaisha. Tukaezeka bati, mama akapanda juu ya ngazi kushika misumari. Wapangaji wakaja kabla chokaa haijakauka. Madereva wawili, mkunga mmoja Mmakuwa, fundi cherehani aliyeweka mashine yake barazani na kuimba tangu asubuhi mpaka jua linazama, na wengine wa kupita. Mama alikaa chumba cha kwanza mbele. Yeye ndiye aliyekuwa anaamua nani aingie, nani atoke kwa ulevi, uani pafagiliwe na nani leo. Wote walimwita Mama Mwenye Nyumba. Miaka kadhaa ikapita hivyo, na ndiyo miaka niliyomwona mama yangu amenenepa.

Mjomba alioa mke wa Masasi, wa familia ya misheni tangu babu zake. Mwanamke mzuri, sina neno naye. Akazaa mtoto wa kiume. Sisi tulifurahi, mama akashona nguo ya ubatizo. Kumbe huko kwenye kichwa cha mjomba mambo yalikuwa yamebadilika na hakuna aliyetuambia.

Siku hiyo nilitoka kisimani, nikamkuta fundi wa rangi juu ya ngazi, upande wa barabarani, anaandika kwa herufi nyeupe kubwa juu ya mlango wa kati. Wenye maduka walikuwa wanafanya hivyo, kila mmoja jina lake. Mama alikuwa barazani anachambua maharage.

"Soma," akaniambia.

Nikatua ndoo. Nikasoma herufi moja moja kwa sauti, kama tulivyofundishwa.

"Hilo la mjomba."

"Najua. Ndilo liko kwa karani. Endelea."

"Na... mwana."

"Mwana gani?"

Fundi wa rangi akasema kutoka juu, bila kugeuka, "Mwanawe, mama. Mwalimu na Mwanawe. Nimeambiwa nimalizie na jina la mtoto hapa chini."

Mama akaendelea kuchambua maharage. Mawe upande huu, maharage upande ule. Kisha akaniambia, "Hebu rudia. Darasa la pili lako hilo, labda umekosea."

Nikarudia. Hakika sijawahi kutamani kuwa mjinga kama siku ile.

Jioni mjomba alikuja akitoka shuleni, chaki bado vidoleni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, ukuta wangu umeota jina la mtoto."

"Dada, ni utaratibu wa watu waliostaarabika. Mtu anamwachia mwanawe."

"Mwanao ana wajomba zake."

"Wajomba zake hawana nyumba."

"Ndiyo maana unampa yangu?"

Fundi cherehani akanyamaza kuimba. Mjomba akashusha sauti, akaanza kueleza kwa upole, upole ule wa kuwafundisha watoto wazito: kwamba mila za uwandani ni za wakati wa giza, kwamba baba na mtoto ndiyo nyumba, kwamba mama hatafukuzwa, atakaa pale pale, nani amfukuze dada yake? Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Ulikuwa unaniuma bega. Sikujua kwamba utaendelea."

Tukaenda kushtaki kwenye baraza la liwali. Mama akatuma habari Chilangala, na mkubwa wa ukoo wetu, mjomba wake mama, akateremka kwa miguu na wazee wengine wawili, wamejifunga shuka zao nzuri. Mkubwa wa ukoo alikuwa mzee mwenye ulimi. Alipoambiwa aseme, alisema, "Huyu mwalimu mimi ndiye niliyempeleka jandoni. Alilia kuliko wote, lakini tulimstahi kwa sababu ni mtoto wa dada yetu. Sasa anasema mali inakwenda kwa mtoto wa kumzaa. Basi arudishe na yale aliyokula kwa wajomba zake tangu azaliwe, kwa sababu baba yake hakumpa hata kuku." Watu wakacheka. Mpaka liwali akacheka. Mimi nikadhani tumeshinda. Bado nilikuwa mjinga, nikidhani mtu akicheka yuko upande wako.

Kisha liwali akamwuliza mjomba, "Mwalimu, nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yangu, bwana. Jina langu liko boma."

"Na huyu dada yako anasema aliijenga."

Mjomba akamtazama mama. Wallahi alimtazama usoni. Akasema, "Alinisaidia."

Hilo neno nimekaa nalo maisha yangu yote. Kama angesema mama ni mwongo, ningeweza kumsamehe, mtu akibanwa husema uongo. Lakini alinisaidia! Kama mtu anayemshika mwenzake ngazi. Mama yangu, vidole vyake havikunjiki kwa udongo, amemsaidia mwalimu.

Mimi nilipiga kelele mpaka askari akaniambia nitoke nje, na nikiwa nje ndipo niliposikia uamuzi. Liwali hakuwa mtu mbaya, na alisema kwa huzuni: mila ya ukoo ni ya mashamba na vijiji, huko haingiliwi. Kiwanja cha mji kinafuata jina lililoandikwa. Nyumba imesimama juu ya kiwanja. Dada apewe muda atoe vitu vyake, ila ndugu wakipatana akae, ni vizuri zaidi.

Walimwomba akae. Mke wa mjomba mwenyewe alikuja na kanga mpya, akapiga magoti. Mama akasema, "Wewe huna kosa, mwanangu. Inuka, utachafua goti." Lakini kukaa, akakataa.

Kwetu uwandani mtu akihama anachukua mlango wake. Nyumba ya udongo na fito itaanguka, nani ahangaike nayo, lakini mlango ni kazi ya mikono ya fundi, unabebwa kichwani kwenda kutiwa kwenye nyumba mpya. Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka nilimleta seremala wetu na nyundo yake. Nikamwambia ang'oe yote. Vyumba kumi, milango kumi. Tumwachie mwalimu matundu yake.

Mama akatoka chumbani. "Unafanya nini?"

"Nachukua milango yetu."

"Na wapangaji wangu watalalaje?"

"Si wapangaji wako tena! Ni wa Mwalimu na Mwanawe!"

"Yule mkunga amezaa juzi," mama akasema. "Umng'olee mlango, fisi aingie? Nani amekufundisha roho hiyo?" Akamgeukia seremala. "Ng'oa wangu tu."

Basi tukapanda lori la kwenda Newala, mimi, mama, masufuria, na mlango mmoja. Fundi cherehani alitusindikiza mpaka kwenye lori akiwa amebeba upande mmoja wa mlango, analia waziwazi, mwanaume mzima na mita yake shingoni. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno. Niliwakasirikia mjomba, liwali, yule karani wa mafuta, na kidogo, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mama kwa ile milango tisa.

Chilangala tukaanza upya. Mtungi kichwani, bondeni na kurudi. Nilianza kununua korosho kidogo kidogo kwa wakulima na kuzipeleka Tandahimba kwa wenye maduka, nikajifunza mizani na ujanja wa mizani, na hapo ndipo maisha yangu mimi yalipoanzia. Sikumwomba mtu. Nilichonacho leo nimekitoa pale, na jina lililo juu yake ni langu peke yangu.

Mvua mbili zikapita. Siku moja, jua la saa nane, tukamwona mwanaume anakuja kwenye njia, vumbi mpaka kwenye nyusi, koti mkononi. Mjomba. Lori alilokuja nalo lilikuwa limeharibika chini mlimani, akapanda kwa miguu. Alikuwa ameanza kuota mvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa." Mama akamchotea maji, kata nzima, imejaa. Kwetu kumpa mtu kata iliyojaa ni kumheshimu sana. Mjomba akanywa yote kama mtoto. Mimi nilibaki mlangoni, nimekunja mikono.

"Mpwa wangu hujambo?" akaniuliza.

Nikageuza uso. Mama akaniambia, "Huna ulimi? Msalimie mjomba wako."

"Wa kwangu alikufa mahakamani."

Mama aliokota kibuyu akanirushia. Nilikiona nikakwepa. Mjomba akasema, "Mwache, dada," kisha akaiweka chini ile kata tupu. Akasema aliyokuja kuyasema. Nyumba inaharibika. Mkewe haiwezi. Wapangaji hawamsikii, wanapigana uani, chooni hapaingiliki, madereva wamehama. Anaomba dada arudi. Chumba bure, mpaka mwisho wa maisha yake. "Nyumba inakukosa, dada."

Nikasema, "Jina juu ya mlango umelifuta?"

Akapangusa vumbi usoni. Nikamwambia, "Mjomba, umekuja kutafuta mfagizi."

"Wewe nyamaza," mama akasema. Akamgeukia mdogo wake. Nilitegemea amtukane. Nilikaa nikisubiri kama mtu anayesubiri chakula. Akamwuliza, "Paa linavuja upande gani?"

"Upande wa kisimani. Juu ya chumba cha mkunga."

"Niliwaambia mafundi msumari ule hauna mpira. Na chumba changu umekitia mlango?"

"Bado, dada. Nimetundika gunia."

"Gunia!" Mama akatikisa kichwa. "Basi nitakuja na mlango wangu."

Nilimwambia maneno mabaya siku ile. Nilimwambia, "Mama, unakwenda kuwa mpangaji kwenye matofali yako mwenyewe? Unakwenda kumpigia magoti mtu aliyesema ulimsaidia?" Akanijibu akiwa anafunga masufuria, hata hakukasirika: "Nani kasema nakwenda kwake? Nakwenda kwenye nyumba yangu. Watu wameandika vibaya, sasa niache paa lioze?"

Akaenda. Na nyumba ikasimama tena, mnanielewa? Akapanda juu mwenyewe kutia mpira kwenye msumari, kwa umri ule. Akawafukuza walevi. Fundi cherehani akarudi kuimba. Kila nilipoteremka Masasi na mizigo yangu nilimkuta na fagio au na ndoo ya chokaa, na kila mara nilitazama juu kwanza nikaliona lile jina, limepakwa upya, jeupe. Rangi ile haikuachwa ichuje, walikuwa wanairudia kila baada ya mvua. Wageni waliofika mji wakati ule, na walikuwa wengi, walimkuta mzee mwanamke anafagia nyumba ya mwalimu, wakadhani ni mtumishi. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Bibi, mwambie tajiri wako chumba cha nyuma kina kunguni." Mama akasema, "Nitamwambia." Akaingia, akachemsha maji, akamwagia kitanda chote.

Nilimwuliza siku hiyo, "Hukereki?"

"Ninakereka na kunguni," akasema.

Mimi sikuweza. Sikulala hata usiku mmoja katika nyumba ile tangu tulipoondoka na mlango. Nikichelewa lori, nilipanga kwa mtu mwingine, nikalipa. Mama alikuwa anasema nina kichwa cha jabali. Ndiyo. Na jabali bila moto halipasuki, alijua mwenyewe.

Alikufa kiangazi, kabla bendera ya Mwingereza haijashuka, wakati watu wote wanazungumza uhuru sokoni. Kifua kilimshika siku chache tu. Habari ilinifikia Tandahimba, nikakodi lori la korosho likiwa tupu, na njiani nikapita Chilangala kuwaambia wachimbe kaburi karibu na la mama yake.

Nilipofika Masasi asubuhi, uani palikuwa pamejaa. Wapangaji, watu wa misheni, wanawake wa soko. Mkunga ndiye aliyemwosha. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya jeneza, na alikuwa ameshapanga kila kitu: ibada saa ngapi, makaburi ya misheni, matanga hapo hapo uani. Alikuwa na haki, sikatai. Kwetu ndugu wa kiume ndiye mwenye kumzika dada. Mtoto hana sauti.

Mimi nikaingia na wabeba mizigo wangu wanne. Nikasema, "Inueni."

Watu wakanong'ona. Mzee mmoja wa misheni akasema, "Binti, subiri, kuna utaratibu." Wabeba mizigo wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayewalipa, wakainua.

Mjomba akasimama mlangoni, ule mlango wa kati, chini ya jina lake. Akatandaza mikono. Macho yalikuwa yamevimba. Nilimjua tangu nazaliwa na sikuwahi kumwona hivyo.

"Unampeleka wapi?"

"Chilangala."

"Huwezi," akasema. "Huwezi kumtoa dada yangu kwake."

Nikadhani sikusikia.

"Kwake?" nikasema. "Kwake wapi, mjomba?"

Akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Rudia! Kuna watu hapa, waambie. Mbele ya liwali ilikuwa yako. Juu ya mlango ni ya mwanao. Leo amekufa ndiyo kwake? Ungemwambia juzi, akiwa anasikia! Ungemwambia alipokuwa na ndoo ya chokaa mkononi!" Nilikuwa napiga kelele mpaka barabarani watu wakasimama. "Rudia, mwalimu!"

Akashusha mikono, akasogea. Tukapita. Fundi cherehani akatangulia kufungua mlango wa nyuma wa lori, na wapangaji wote, hata waliohamia wiki ile, wakatoka kutusindikiza wamevua kofia.

Nilipanda mbele kwa dereva. Tulipoanza kuondoka lori likatikisika, nikatazama nyuma, nikamwona mjomba amedandia na suruali yake ya ibada, amekaa juu ya magunia matupu kando ya jeneza. Dereva akaniuliza, "Nimshushe?"

Nilifikiri. Nikasema, "Endesha."

Kwenye mlima wa kupandia Newala njia ni mbaya, lori linainama nyuma mpaka unadhani litajimwaga. Nilitazama tena kupitia tundu la nyuma. Alikuwa ameweka miguu yake kwenye ubao wa nyuma wa lori na mgongo wake kwenye jeneza, analizuia lisiteleze, jasho linamtiririka, vumbi limemfanya mweupe. Alikaa hivyo mlima mzima. Hiyo ilikuwa haki yake, ya mwanaume kwa dada yake, na sikumnyang'anya. Nyumba haikuwa haki yake, na tulimzika mama bila mimi kumwambia mjomba neno lingine.